Wafundisheni waandishi kusema "bado haijulikani"

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesikia kwamba waandishi wa habari wa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wanaandaliwa semina nyingine juu ya mabadiliko ya tabianchi na ulinzi wa wanyama pori. Ni jambo jema, wala sitaki nionekane mtu wa kupinga kila kitu. Ila mimi ni mwalimu wa jiografia, redio yangu haizimwi tangu asubuhi hadi usiku, na matunda ya semina zilizopita nayasikia kwa masikio yangu. Waandishi wanarudi na misamiati mipya. Maswali mapya sijayasikia.

Tuchukue msiba wa Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Mvua ikashuka, mito ikafurika, mawe na matope yakaporomoka hadi Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Haukupita muda redio zilikuwa zimekwisha kupata jibu: mabadiliko ya tabianchi. Nyingine zikasema ni mapenzi ya Mungu. Mwezi uliofuata wanasayansi wa World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kuchunguza kama janga fulani limechochewa na kupanda kwa joto la dunia, wakatoa ripoti yao: hatuwezi kusema. Vituo vya kupima mvua kuzunguka Ziwa Kivu ni vichache mno, na takwimu zilizopo hazikubaliani. Hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe! Eneo lenye watu wengi namna hii, na hakuna awezaye kusema kwa uhakika mvua iliyoua watu ilikuwa kiasi gani.

Mwandishi akikiri kwamba hilo halijulikani, bado ana kazi tele. Vilima vimenyolewa miti. Nyumba na soko vimejengwa kwenye njia ya maji. Nani aliruhusu? Kuuliza hivyo hakuhitaji shahada ya fizikia. Siku hizi tabianchi imekuwa kichaka cha kujifichia viongozi: ukishalaumu moshi wa viwanda vya Ulaya na China, hapa kwetu hakuna wa kuitwa ajibu.

Kwa wanyama ni vilevile. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba gorila wetu wa nyanda za mashariki, wale wa mbuga ya Kahuzi-Biega na misitu ya jirani, wamebaki 3,800. Mwaka 2021 yakatoka makadirio mengine: 6,800. Mwandishi asiyeandaliwa atatangaza kwamba wameongezeka karibu maradufu kwa miaka 5. Lakini gorila jike huzaa mtoto mmoja tu, na hukaa miaka minne hivi au zaidi kabla ya kuzaa mwingine. Hilo peke yake lingetosha kumfanya asite na kupiga simu. Angeambiwa kwamba safari hii wahesabuji walifika misitu ya Oku, ambako usalama mdogo ulikuwa umewazuia, na kwamba gorila hao bado wako katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Na mtoto wa sokwe akikamatwa kwa walanguzi na kupelekwa Lwiro, kwenye kituo cha kuwatunza, tafadhali, bei yake msiitangaze. Kuna wanaosikiliza kwa ajili ya bei tu.

Kuhusu Kahuzi-Biega kuna jambo lingine linaloniudhi: kila habari ina msemaji mmoja. Mbuga iliundwa 1970, ikapanuliwa 1975, Batwa, wenyeji wa asili wa huko, wakaondolewa msituni mwao. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi kwa nguvu, watu wakafa, miti ikakatwa na kuchomwa makala, yaani makaa ya kupikia. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatangaza uamuzi wake kwamba serikali ilivunja haki za Batwa hao. Anayezungumzia gorila bila kumhoji Mtwa, na anayewatetea Batwa bila kutaja yale makala, wote wawili wanatupa nusu ya habari.

Sasa semina zenyewe. Ukumbi wa hoteli, hotuba za Kifaransa, picha ya pamoja, coupage (bahasha ya pesa kwa mwandishi), kwaheri. Kesho yake mwandishi anasoma hotuba ya mgeni wa heshima kwenye redio, kwa wasikilizaji wanaosema Kiswahili na Mashi. Simlaumu sana, asiye na nauli ya kufika Kalehe ataandika kilichomfuata hotelini. Basi pesa ya ukumbi iwe nauli. Najua kwamba tangu vita vilipotufikia mwanzo wa 2025 si kila barabara inapitika, na si kila swali linaulizika. Waanzie karibu: gunia la makala linaloshushwa sokoni limetoka msitu gani, na limelipiwa kodi mara ngapi njiani?

Na wajifunze kupima mvua. Milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 50 juu ya bati la mita za mraba 40 ni lita 2,000, yaani bidoni 100 za lita 20 zimemwagwa juu ya nyumba moja. Msikilizaji wa Kadutu, ambaye nyumba yake imebebana na ya jirani kwenye mteremko, hesabu hiyo ataielewa bila mkalimani.

Shuleni kwetu tuna kipimamvua uani, na daftari ambalo wanafunzi hulijaza kila asubuhi kabla ya kengele. Mwandishi wenu akija na kinasa sauti chake, watampokea wao wenyewe. Kwa Mashi pia, akitaka.

Mwalimu wa jiografia,
Kadutu, Bukavu