Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: zile nguzo za kichochoroni kwetu

Mheshimiwa Waziri, shikamoo, na pole na majukumu.

Nakuandikia kutoka Dar, huku uswahilini. Mwaka jana tuliitwa mkutano wa mtaa, ajenda wizi wa usiku, watu tumechoka kuibiwa, basi ikapigwa kura ya kunyoosha mikono kichochoro kiwekwe nguzo za zege bodaboda zisipite. Mikono ikajaa, na wangu ukiwemo. Zege likamwagwa, siku ya tatu jioni jirani yetu anayetembelea baiskeli ya miguu mitatu akafika pale, akajaribu, tairi la nyuma likagonga nguzo, akarudi kidogo akajaribu kwa upande wa ukuta, likagonga tena, akageuza bila kusema neno akaenda kuzungukia barabara ya lami. Hakuna anayemchukia mheshimiwa, ila kura yake ni moja tu.

Tangu hapo nikisikia "wananchi waamue kwa kura ya maoni" moyo unasita. Siipingi, ile ya Katiba Inayopendekezwa iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa mpaka leo naingoja. Ninachouliza ni kwamba wengi wakikosea dhidi ya wachache, nani anawazuia?

Uswisi wenzetu wanasifika kwa kura za wananchi. Jimbo lao la Appenzell Innerrhoden wanaume walikuwa wanakutana uwanjani wananyoosha mikono vilevile kama sisi, na Aprili 1990, juzi tu hapo, wakakataa tena wanawake wasipige kura za jimbo. Kesi ikafika mahakama ya juu ya nchi, Novemba mwaka huohuo majaji wakasema hapana, wanawake wanapiga kura, ikawa. Lakini 2009 nchi nzima ikapiga kura, asilimia 57.5 wakapitisha minara ya misikiti isijengwe tena, likaingia kwenye katiba yenyewe na Waislamu wa kule mpaka leo wanaishi nalo.

Na sisi tunayo ya kwetu, Tume ya Nyalali, ile iliyouliza wananchi kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi. Karibu asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, ila tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu ikawasikiliza wale 20, na 1992 vyama vingi vikaja. Ingekuwa kura ya maoni yangeishia pale pale.

Kwa hiyo naomba Sheria ya Kura ya Maoni ya 2013 irudi bungeni, iwekwe kwamba swali linalogusa haki za watu lipite Mahakama Kuu kabla halijafika kwa wapiga kura, maana kura ikishapigwa jaji anaonekana adui wa wananchi.

Halafu yale marekebisho ya sheria ya 2020, yaliyomtaka anayefungua kesi ya haki za msingi aonyeshe yeye binafsi ameumizwaje, ambayo Mahakama ya Rufani iliyabatilisha 2025, yasirudishwe. Ibara ya 26 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kwenda kuilinda. Yakirudi, mi nikitaka kumsemea jirani yangu nitaambiwa aje mwenyewe, na njia yake ya kutokea ndo ile tumeiziba.