Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, assalaam alaykum, na wengine nawaamkia.

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba wenye ada za nyuma wanajijua. Langu ni lile lililotushughulisha zaidi mwaka huu: kuvu zinazotengeneza mafuta, na maji tunayozikuzia.

Kuvu huhesabiwa kuwa ya mafuta yakifika asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Mortierella alpina ndiyo mashuhuri, maana asidi yake ya arakidoni, aina mojawapo ya mafuta, hutiwa katika maziwa ya unga ya watoto wachanga. Kanuni tuliyoizoea ni kuipa kuvu sukari tele na kuibania nitrojeni. Ikikosa cha kujengea protini, sukari huigeuza mafuta ikayaweka akiba.

Kumbe kalsiamu nayo ina neno lake. Ndani ya seli, nyingi hufungiwa kwenye vakuoli, yaani vifuko vya akiba. Ikitoka kidogo hushikwa na protini iitwayo kalmodulini, nayo huamsha kimeng'enya cha kalsinurini, na kazi za seli hubadilika. Watafiti waliokuza kuvu sita za kundi la Mucoromycota waliona kwamba kalsiamu ikikosekana mafuta huongezeka, hasa fosfati, chumvi ya fosforasi, ikiwa haba. Fosfati ndiyo inayozuia asidi isizidi. Ikipungua, pH, kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali, hushuka hadi 2 au 3. Kalsiamu ikiwepo, kuvu huelekea kurundika polifosfati, yaani fosfati zilizoungana mnyororo. Msiifanye sheria ya kila kuvu, tafadhali.

Sasa tazameni hapa kwetu. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima hupita katika chokaa, ambayo ina kalsiamu. Ushahidi ni ule ukoko mweupe ndani ya birika. Anayechanganya chakula cha kuvu kwa maji hayo ameshatia kalsiamu, hata kama daftari lake limeandika sifuri. Kuyachemsha huipunguza tu, hakuimalizi. Ya mfereji nayo hutoka vyanzo mbalimbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na si ya aina moja.

Kwa hiyo kamati imekubaliana kwamba fedha za vifaa zianze na mtambo wa kutonesha maji, yaani kuyageuza mvuke na kuukusanya, kalsiamu ibaki nyuma. Najua wapo waliotaka hadubini mpya, na walisema kwa sauti. Hadubini itangoja. Nafasi ya katibu iko wazi. Majina yapelekwe kwa kamati kabla ya chai.