Iddi Mubarak kutoka Bwaise, na shukrani kwa wenye sufuria

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, majirani wa Bwaise hapa Kampala, wazee wetu, mashehe na mahajati, vijana wa steji, na nyote mlio mbali mkitafuta riziki Juba, Dubai na Riyadh. Ramadhani imetuaga nasi tungali na hamu nayo. Kwa niaba ya nyumba yetu nawatakia Iddi Mubarak, Iddi yenye heri, afya na baraka tele. Taqabbalallahu minna waminkum. Mola azipokee saumu zetu na visimamo vyetu, awarehemu waliotutangulia, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima. Ndugu zetu Wakristo, ambao Kwaresima yenu mwaka huu wa 2025 imekwenda sambamba na mfungo wetu, tunawaombea mfike Pasaka kwa salama na amani. Mwezi mzima mtaa mmoja umefunga, kila mtu kwa dini yake.

Salamu hizi huwa naziandika kila Iddi kwa sababu mama alikuwa akiniagiza. "Andika, mwanangu, watu wasione tumewanyamazia." Mwaka huu hakuna aliyeniagiza. Mama alitutoka mwezi wa Rajabu, na nimekaa siku mbili na simu mkononi nikitafuta pa kuanzia.

Mwaka wenyewe umekuwa mzito. Noti ya 20,000 inaingia soko la Kalerwe nzima na kutoka sarafu. Nyanya za 1,000 zinaenea kiganjani. Nyumba nyingi zilifuturu kwa muhogo na chai ya rangi, nyama ikawa habari ya Ijumaa, na mwenye muzigo, chumba cha kupanga, naye akapandisha kodi kana kwamba yeye haendi soko hilo hilo. Tarehe 30 Januari ikatangazwa Ebola hapa hapa Kampala, na mwezi huo huo misaada ya Marekani ikasimamishwa, wagonjwa wakawa wanaulizana dawa za mwezi ujao zitatoka wapi. Katika hali hiyo, wale akina mama wa VHT, wahudumu wa afya wa kujitolea wa mtaani, waliendelea kupita mlango kwa mlango, daftari kwapani, wakiuliza nani ana homa, nani hajachanjwa, nani ameacha kumeza dawa. Mshahara hawana. Viatu ni vyao, na muda wa simu wananunua wenyewe. Nawataja mapema kwa sababu huwa tunawataja mwisho, watu wakiwa wameshaanza kuinuka.

Kisha ikaja mvua. Jumatano ya tarehe 26 Machi, tukiwa katika kumi la mwisho, mvua iliyoipiga Kampala ilichukua roho za watu, watoto wakiwemo. Mwenyezi Mungu awape subira wazazi wao. Kwetu maji yalipita kizingiti cha tofali mbili, yakapita na ya tatu aliyoiongeza mama mwaka juzi, yakaingia ndani. Magodoro tuliyapandisha juu ya meza, na watoto juu ya magodoro. Vyoo vyetu vya ngazi ndivyo vilivyokuwa ghorofa yetu: Hajati mmoja jirani yetu alikaa ngazi ya juu kabisa zaidi ya saa mbili, kuku wake wawili wa Iddi kawabana kwapani, mmoja kulia, mmoja kushoto, akituita majina mmoja mmoja kuhakikisha tuko hai. Vijana wa boda waliziacha pikipiki juu barabarani, wakashuka kwa miguu, wakawabeba wazee na watoto mgongoni mpaka penye ukavu. Siku ile hapakuwa na mtu aliyeuliza nauli.

Maji yale hayakuja peke yake. Tangu jalala la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 na kuua zaidi ya watu 30, taka za jiji zimekuwa zikitafuta pa kwenda, na zinapopakosa huishia mferejini. Chupa, kaveera yaani mifuko ya plastiki, maganda ya matoke, nepi za watoto. Sisi tunaoishi bondeni ndio tunaojua mfereji wa Nsooba ukiziba nini kinafuata. Tunawalaumu wa juu kwamba wanatutupia, na ni kweli wanatutupia. Lakini nimeshawaona na watu wa hapa hapa wakingoja mvua ikolee ndipo watoe mfuko wao wa taka uende na maji. Mfuko huo hauendi mbali, ndugu zangu. Unakwama nyumba ya tatu kutoka kwako.

Kwa hiyo shukrani zangu kubwa za Iddi hii ni kwa wale vijana wanaozibua mfereji. Mnawajua. Wengine kati yao tuliwahi kuwaita wahuni, na wengine wanaishi kwa kutapisha vyoo vyetu usiku ili sisi tusione haya mchana. Alhamisi, siku ya pili ya mafuriko, walikuwa kwenye matope mpaka kiunoni, wengine wamefunga, gambuti wakiazimana mguu mmoja mmoja, na reki na majembe waliyoyachanga wenyewe. Walitoa mlango wa friji. Walitoa godoro, matairi, na kiti cha mtoto. Na chini ya kidaraja, imejaa mchanga, wakatoa sufuria namba nne.

Namba nne mnaijua wote. Imebonyea ubavu mmoja, na namba yake imechongwa kwa msumari chini ya ukingo, nne iliyopinda kama kiti kilichopinduliwa. Aliichonga mama, siku munno mukabi yetu, kikundi chetu cha kusaidiana katika misiba na shughuli, ilipofikisha sufuria sita. Miaka kumi na moja imelala chini ya kitanda chake. Imepika misiba ya Waislamu na ya Wakatoliki, imepika akika, imepika harusi mbili ambazo ndoa zake hazikudumu, na wakati wa korona ilipika uji wa watoto ambao wazazi wao walikuwa hawana pa kwenda kutafuta.

Asubuhi aliyofariki mama nilikuwa nimesimama mlangoni, sijui nianze na lipi. Wanawake watatu wa munno mukabi wakanipita bila kusema neno, wakainama chini ya kitanda chake, naye bado yuko juu yake amefunikwa shuka, wakaivuta ile sufuria taratibu, wakatoka nayo. Watu wanakuja, lazima wale. Mlio ule wa sufuria ikiburuzwa kwenye saruji ndio ulionijulisha kwamba mama amekufa kweli. Mpaka leo nausikia.

Yaliyofuata niliyaona kama ndotoni, na ndiyo maana nataka kuyaandika, ili wahusika wajue kwamba yalionekana. Kwaya ya kanisa ilileta mabenchi na turubai kabla hatujaomba. Mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, aliandika barua zote zilizotakiwa akiwa amekaa juu ya jerikeni, wala hakutaka hata ya soda. Mwalimu wa madrasa alikaa na watoto wa dada yangu siku nzima. Na tulipompeleka Bombo, alikozaliwa, boda zaidi ya ishirini zilitusindikiza Bombo Road yote, taa zikiwaka mchana, mafuta kila mtu kajitilia. Wapo waliokosa siku nzima ya kazi, na najua bosi anadai pesa yake jioni hata dereva akitoka makaburini.

Ndugu zangu, tunaisoma Surat al-Ma'un karibu kila siku kwa sababu ni fupi. Aya saba tu. Tunawahi kuimaliza turukuu, na aya mbili za mwisho zinatupita: wanaosali kwa kujionyesha, na wakazuia al-ma'un. Ibn Mas'ud, Mungu amwie radhi, amesema kwamba zama za Mtume walikuwa wakihesabu al-ma'un kuwa ni kuazimana ndoo na sufuria. Ndoo na sufuria! Fikirini uzito wake. Kitu tunachokiona kidogo, cha jikoni, cha wanawake, Mwenyezi Mungu amekiweka kwenye sura moja na swala na yatima. Basi mwanamke aliyelala miaka kumi na moja juu ya sufuria ya watu, akaitunza isitoboke, akaitoa usiku wa manane mlango ukigongwa, tusiseme alikuwa mama wa nyumbani tu. Na kijana anayezibua mfereji tusiseme hana kazi. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Yule yuko kwenye imani mpaka kiunoni, na wewe unapita juu umeziba pua.

Nasema haya kwanza kwa nafsi yangu. Asiyewashukuru watu hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Sisi tumezoea kuwashukuru watu chini ya turubai, kipaza sauti kikikoroma, mwenyewe akiwa ndani ya sanda hasikii. Waheshimuni hawa wakiwa hai. Mchango wa munno mukabi ni 2,000 kwa wiki. Toa, na ukikosa wiki hii, nenda ukaseme umekosa, usijifiche nyuma ya pazia. Kijana wa mfereji msalimie kwa jina lake, mnunulie gambuti nzima, miguu yote miwili. Mama wa VHT akija, mpe kiti na maji ya kunywa. Akina baba, bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, si ya wanawake na watoto. Jumamosi ikitangazwa shukeni na majembe. Wenye maduka na wenye vyumba vya kupangisha, mvua inaharibu mali zenu kuliko zetu, basi changieni reki. Wazazi, mtoto akitupa kaveera mferejini mrudishe akaiokote, hata kama ana nguo mpya za Iddi, hasa akiwa na nguo mpya za Iddi. Na zaka ya fitri isivuke barabara kwenda mbali wakati chumba cha pili kuna mtu aliyepoteza unga wake wote kwenye maji. Jibril alimuusia Mtume kuhusu jirani mpaka akadhani atamrithisha. Jirani huyo ndiye huyu aliye upande wa pili wa ukuta wako wa tofali moja, unayemsikia akikohoa.

Mola awalipe kheri nyote mliotufariji. Awaponye wagonjwa wetu, awafungulie riziki wasio na kazi, awarudishe salama walioko ughaibuni, ailinde nchi yetu Uganda, na ampe mama yangu na mama zenu waliotangulia kaburi lenye nafasi na nuru. Kullu aam wa antum bikhair.

Baada ya swala ya Iddi tutakuwa uani kwetu, Waislamu na wasio Waislamu, wenye mwaliko na wasio na mwaliko. Namba nne imeshasuguliwa kwa majivu na mchanga, matope yametoka yote isipokuwa kidogo ndani ya ile namba, na dada yangu amekataa yasiguswe. Itapika pilau. Njooni na sahani zenu, kwa sababu zetu tatu tu ndizo zilizorudi kutoka kwenye maji.