Barua kwa vijana wa Parramatta: msiishangilie bodi

Vijana wangu mnaoshabikia klabu yetu ya raga, Parramatta Eels, mlio hapa Sydney Magharibi na mnaoifuata mkiwa mbali, salaam.

Nawasikia mkibishana. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, habari za uwanjani zinaisha na habari za bodi zinaanza: nani aondoke, nani aingie, nani kahongwa. Mara mmeshakuwa kambi mbili, kila kambi na mwenyekiti wake. Naomba niseme kidogo, maana umri nao una haki yake.

Klabu hii haijakosa mapinduzi. Mwaka 2009 Denis Fitzgerald, aliyeiendesha kwa takriban miaka 30, aliangushwa na safu mpya ya wagombea kwenye uchaguzi wa bodi. Mwaka 2013 safu hiyo nayo ikang'olewa na nyingine, iliyoongozwa na mchezaji wetu wa zamani. Mara zote mbili watu walishangilia kana kwamba tumetwaa ubingwa, na ubingwa wenyewe hatujauona tangu 1986. Hapo katikati timu ikashika mkia 2012 na tena 2013.

Kisha ukaja mwaka 2016, na huu nataka muuelewe vizuri, maana wengine mlikuwa bado wadogo. Katika raga ya ligi, hii ya wachezaji 13, kila klabu ina kikomo cha fedha za kuwalipa wachezaji kwa msimu. Mdhamini wa nje anaruhusiwa kumlipa mchezaji kivyake, ila klabu isiwe ndiyo iliyompangia. Wakubwa wetu walipanga. Ankara za watoa huduma ziliongezwa bei, na ile nyongeza ikaenda kwa wachezaji. Ligi ilipomaliza uchunguzi ilisema fedha zilizopitishwa kando tangu 2013 zilifika dola milioni 3 hivi. Klabu ikapigwa faini ya dola milioni 1 na kupokwa pointi 12, na watu watano, akiwemo mwenyekiti na mtendaji mkuu, wakafutiwa usajili wa kufanya kazi kwenye ligi. Pointi hizo ni ushindi wa mechi sita. Vijana waliotoka jasho uwanjani wangeingia nane bora, zile zinazoendelea kuwania ubingwa, msimu ule. Wakamaliza nafasi ya 14.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba ankara hazikufichwa na maadui zetu. Zilipita mikononi mwa watu tuliowashangilia. Mashabiki tulikuwa tukiulizana nani anaipenda klabu kweli, na hakuna aliyeuliza nani anasaini malipo.

Kwa hiyo mgombea akija kwenu na skafu ya bluu na dhahabu shingoni, mwacheni aseme, kisha mumuulize mambo makavu. Kampuni yake au ya shemeji yake inaiuzia klabu chochote? Taarifa ya mkaguzi wa hesabu itawafikia wanachama lini? Malipo makubwa yanahitaji saini za watu wangapi, na mmoja wao akikataa inakuwaje? Akikasirika, mmeshapata jibu.

Na jueni nguvu iko wapi. Tiketi ya msimu ni kitu kimoja, kura ni kitu kingine. Timu inamilikiwa na Leagues Club, ile yenye ukumbi na mashine za kamari, na wanachama wake ndio wenye mkutano mkuu. Ndiyo maana mwaka ule ule wa 2016 serikali ya jimbo la New South Wales iliiondoa bodi ya Leagues Club na kumweka msimamizi, Max Donnelly. Wengi mnaogombana hamna hata kadi ya uanachama. Chukueni, na mkishaichukua msome katiba muone lini mtaruhusiwa kupiga kura.

Wala sisemi ofisi ikinyooka makombe yatakuja. Mwaka 2017, hesabu zikiwa chini ya macho ya msimamizi, tulimaliza nafasi ya nne. 2018 tukashika mkia. 2022 tukafika fainali na Penrith wakatufunga 28 kwa 12. Raga ina mambo yake. Ila kipigo cha Penrith kiliuma usiku mmoja tu, na hakuna aliyeona aibu kuvaa jezi kesho yake.

Mliotoka Dar mlishuhudia Simba na mjadala wa mwekezaji na hisa zake za asilimia 49: aliyeomba kuona karatasi aliitwa mpinga maendeleo. Hilo naliona linaingia kwenu. Kijana akiuliza hesabu anaitwa msaliti, au mtu wa mwenyekiti wa zamani. Acheni. Mtu huyo msimzomee. Mpeni kipaza sauti, na mwenyekiti amjibu kwa tarakimu, mbele ya wote.

Wenu mzee,
shabiki wa jukwaani