Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Ushirika wa Nyumba, Jinja, Uganda, Mwaka wa Fedha 2024/25

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Hesabu zilizokaguliwa mmeshapewa na mweka hazina, na kumbukumbu za mkutano uliopita zimebandikwa ofisini, kwa hiyo sitazirudia. Taarifa hii inajibu swali mliloniuliza kila kikao: serikali inaweza kutusaidia nini katika nyumba zetu, tupite mlango upi, na kwa nini maombi mengi hukwama njiani.

Tuanze na kisichopatikana. Sera ya Taifa ya Nyumba ya 2016 ipo, na Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Miji yenyewe inataja upungufu wa nyumba zaidi ya milioni 2 nchini. Lakini sera si bajeti. Kampuni ya Taifa ya Nyumba na Ujenzi, iliyoundwa 1964, hujenga kwa ajili ya kuuza, na bei zake hazikupangwa kwa mchuuzi wa soko au fundi wa baiskeli. Fedha za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo kupitia parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), ni shilingi milioni 1 kwa kaya, riba asilimia 6 kwa mwaka, na ni za uzalishaji: kuku, nguruwe, mboga, samaki. Mwanachama atakayezinunulia mabati ajue amekiuka masharti ya mkopo, na deni halitamsubiri amalize kuezeka. Emyooga, mpango wa serikali wa mitaji kwa makundi ya mafundi na wachuuzi, nayo ni ya biashara. Hapo tuna nafasi ndogo ambayo wengi hawaioni: mafundi wetu wa kuchomelea na maseremala wamo katika makundi yanayostahili, wanaweza kukopa mtaji wa karakana, nasi tukawanunulia milango na madirisha.

Kinachopatikana ni ardhi, barabara na mifereji, maji, na karatasi halali. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mtu mmoja mmoja hawezi kuvinunua, na ndivyo tulivyovidai mwaka huu. Kuta na paa ni juu yetu.

Ardhi

Halmashauri haiwezi kutugawia ardhi ya umma kwa neno la diwani, hata awe rafiki wa chama. Panahitajika azimio la baraza lenye namba ya muhtasari, kisha bodi ya ardhi ndiyo inayotoa ofa. Ombi letu lilianzia kamati ya ardhi ya eneo, ambayo hubandika tangazo, hukagua kiwanja mbele ya majirani na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ndipo huandika ripoti. Hatua ya majirani msiidharau. Pingamizi moja la mpaka lililofichwa siku ya ukaguzi huibuka baada ya upimaji, na wakati huo mpimaji ameshalipwa.

Kiwanja cha kwanza tulichoonyeshwa upande wa Masese tulikikataa, na najua baadhi yenu mlinung'unika. Sababu ni mbili. Kanuni za mazingira zinaweka hifadhi ya mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria na mita 100 kutoka ukingo wa Nile, na ofa ya bodi haiondoi kanuni hiyo. Pili, Mei 2020 maji ya ziwa yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Ardhi ya bure inayofuatwa na maji ni ghali.

Ofa tunayoifuatilia sasa ni ya kukodishwa ardhi kwa miaka maalumu. Kwa kawaida bodi hutoa kipindi cha kwanza cha miaka 5, halafu huongeza hadi miaka 49 baada ya kuridhika kwamba mmejenga kama mlivyoahidi. Hapo ndipo vikundi vingi huangukia. Hulipa malipo ya awali, hupata hati, husherehekea, kisha hugombana miaka minne juu ya nani ajenge kwanza. Mwaka wa tano ukiisha pakiwa na misingi tu, aliyetoa ardhi ana haki ya kuirudisha mikononi mwake. Kwa hiyo kamati imependekeza kura ya mfuatano wa ujenzi ipigwe kabla ya hati kutoka, na matokeo yaandikwe kwenye kitabu cha chama.

Hati itakuwa ya chama, mwanachama atakuwa na hisa na haki ya kuishi. Faida yake ni kwamba mkopeshaji hawezi kupiga mnada nyumba moja katikati ya kiwanja. Ubaya wake ni uleule: benki haitamkopesha mtu mmoja kwa dhamana ya nyumba yake. Wanaotaka hati za vyumba waelewe kwamba Sheria ya Umiliki wa Kondominiamu ya 2001 inaruhusu, ila baada ya jengo kukamilika na kupimwa, na gharama ya upimaji huo ni yetu. Kwa vyovyote, fomu ya uanachama itakuwa na majina ya mume na mke wote wawili. Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijauzwa au kuwekwa rehani, nasi hatutaki kuijua sheria hiyo siku ya ugomvi.

Kifungu kipya cha katiba yetu kinachosomwa leo kinasema anayeondoka anauza hisa kwa chama kwanza, kwa thamani iliyokubaliwa, kabla ya kutafuta mnunuzi wa nje. Miradi ya kuboresha mitaa ikifanikiwa, wenye fedha hufuata barabara mpya, na maskini huuza kwa bei inayomtia mtu tamaa wiki ya kwanza na majuto mwaka wa pili.

Barabara, mifereji na kalenda ya bajeti

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu fedha zipo, nazo hupotea kwa kuchelewa.

Jinja ina historia nzuri kwenye jambo hili. Kati ya 2010 na 2013 mradi wa TSUPU, wa kuboresha makazi ya maskini wa mijini, ulifanya kazi katika miji mitano, Arua, Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara, ukaweka mezani pamoja halmashauri na wakazi wa mitaa duni, na ukatoa ruzuku ndogo za vyoo, maji na mifereji. Baadaye ukaja USMID, mpango wa miundombinu ya miji wa Benki ya Dunia, ulioanza 2013 kwa dola milioni 150 na miji 14, yetu ikiwamo. Fedha hizo zilijenga barabara, mifereji na taa. Nyumba hazikuwamo, wala hatupaswi kulalamika: mtaa usiopitika na gari la mchanga hulipa saruji na mchanga kwa bei ya kubebwa kichwani.

Mlango wa kila mwaka ni ruzuku ya maendeleo ya serikali za mitaa, ile DDEG mnayoisikia kwenye vikao. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mahitaji hukusanywa vijijini na kwenye parishi mnamo Septemba na Oktoba, mkutano wa bajeti hufuata kabla ya katikati ya Novemba, rasimu huingia barazani mwishoni mwa Machi, na baraza huipitisha kabla ya Mei 31. Barua inayofika kwa karani wa jiji Februari imechelewa, hata iwe na mihuri kumi. Atakachoweza ni kuiweka kwenye faili la mwaka unaofuata, na ndivyo ilivyokuwa kwa barua yetu ya mfereji.

Kuna mtego wa pili. Fedha hutoka kwa robo mwaka. Zikichelewa, au mkandarasi asipopatikana kwa wakati, kiasi kisichotumika kufikia Juni 30 hurudi kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina. Mwaka unaofuata kazi hiyo haiendelei yenyewe, inaanza kupigania nafasi upya. Ndiyo maana kamati ya ufuatiliaji inapaswa kumwona ofisa wa manunuzi Julai na Agosti, kuhakikisha mradi umo kwenye mpango wa manunuzi. Kwenda Mei kuuliza "mradi wetu uko wapi" ni kwenda matangani.

Kilichotukwamisha zaidi kilikuwa uzio wa viwanja vya kando ya barabara. Ruzuku hii haina fungu la fidia. Barabara ikihitaji kupanuliwa mita mbili, kila mwenye kiwanja lazima atie saini kwamba anaitoa sehemu hiyo bila kulipwa, na fomu hizo huambatanishwa na uchunguzi wa athari za mazingira na jamii. Kaya moja iliyokataa ilisimamisha njia nzima. Sikulaumu kukataa kwake. Hakuna aliyemwendea na ramani kabla ya kumpelekea karatasi ya kusaini. Mwaka huu kwanza vigingi vipigwe ardhini, kila mtu aone kinachoondoka kama ni mgomba au choo, saini zifuate.

Greda likitolewa kwa sharti kwamba chama kichangie dizeli, mafuta yanunuliwe kituoni kwa risiti yenye jina la chama, na mita ya saa za mashine isomwe asubuhi na jioni. Fedha taslimu asikabidhiwe dereva.

Upande wa umeme, kumbukeni kwamba tangu Aprili 1, 2025 usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kwisha. Maombi yaliyolala kwenye ofisi za zamani yafuatiliwe kwa namba zake.

Mkopo

Baadhi yenu mnataka chama kichukue mkopo mkubwa wa benki tumalize nyumba kwa mpigo. Nawawekea hesabu. Shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 10 ni marejesho ya takriban 335,000 kwa mwezi, na mwisho wa yote utakuwa umelipa zaidi ya milioni 40. Ukikopa milioni 5 kwa riba hiyohiyo kwa miaka 2, unalipa takriban 245,000 kwa mwezi, na riba yote ni kama 876,000. Rudia mara nne, awamu kwa awamu: milioni 20 zimejengwa kwa miaka 8, riba haifiki milioni 3.6.

Njia ya awamu ina maumivu yake. Saruji hupanda bei katikati, na anayepanga muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, anaendelea kulipa kodi mpaka chumba cha kwanza kikamilike. Kwa hiyo awamu ya kwanza lazima itoe chumba kimoja na choo, vyenye paa na mlango. Msingi wa vyumba vinne usio na paa haukuhamishi popote.

Matofali

Tunabaki na matofali ya udongo na saruji yanayobanwa kwa mashine ya mkono. Kuni hazichomwi, na ukuta hauhitaji mota nyingi ya kuungia. Ila rundo la kwanza lilimong'onyoka pembeni, na chanzo ni udongo uliochimbwa karibu na kinamasi bila kupimwa.

Kipimo ni rahisi. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake mafuta ndani, jaza udongo mbichi ulioshindiliwa, uache ukauke siku 3 juani au 7 kivulini. Usukume wote upande mmoja, upime nafasi iliyobaki. Ikiwa chini ya milimita 15, changanya sehemu 1 ya saruji kwa 18 za udongo. 15 hadi 30, tumia 1 kwa 16. 30 hadi 45, 1 kwa 14. 45 hadi 60, 1 kwa 12. Ukizidi 60, tafuta shimo jingine au ongeza mchanga, kisha upime tena. Udongo wa juu wenye mizizi hautumiki kabisa.

Kwa tofali la milimita 265 kwa 140 kwa 100, mfuko wa kilo 50 kwenye mchanganyiko wa 1 kwa 16 hutoa matofali 90 hivi, na mita moja ya mraba ya ukuta hula 38. Fundi anayeahidi 150 kwa mfuko anaiba saruji au anaiba uimara. Maji yapimwe kwa kudondosha donge kutoka usawa wa bega: likipasuka vipande vinne au vitano, yametosha, likibonyea bila kupasuka, yamezidi. Mchanganyiko ukishatiwa maji utumike ndani ya nusu saa. Matofali yafunikwe kwa nailoni na kunyunyiziwa siku 7, yasijengewe kabla ya siku 28. Hapa ndipo subira huisha, hasa mwenye zamu anapoona mvua inakuja.

Wanaofikiria ghorofa ndogo ya ndani wakatazame mihimili ya T na vibamba vidogo vya zege katika karakana ya shirikisho la wakazi wa mitaa duni hapahapa Jinja. Vinapunguza sana mbao za kufungia zege.

Washirika wa nje

Agosti 2023 Benki ya Dunia ilisimamisha mikopo mipya kwa Uganda, ikaanza tena katikati ya 2025. Mwanzoni mwa 2025 misaada ya Marekani nayo ilikatwa. Hatukuwa na mradi uliotegemea mojawapo moja kwa moja, lakini mashirika mawili tuliyokuwa tukizungumza nayo yalipunguza wafanyakazi, mazungumzo yakaishia hapo. Mshirika yeyote atakayekuja ataombwa kutia saini hati inayosema nani anashika hati ya ardhi, nani analipia usimamizi, na kazi itamalizwaje akiondoka katikati.

Yanayowahusu sasa

Kikao cha kijiji cha kukusanya mahitaji kinakuja Septemba. Kila safu ilete wanachama wake wote, kwa kuwa kinachoandikwa kwenye muhtasari wa LC1 ndicho kitakachopanda kwenye parishi na divisheni. Ombi letu ni mfereji kwanza, barabara pili. Vitabu vya akiba vifike kwa katibu kabla ya Agosti 31 vilinganishwe na leja, maana benki na halmashauri zote zimetaka hesabu zilizokaguliwa, katiba, namba ya mlipakodi na muhtasari wa mkutano mkuu katika faili moja. Wenye vitabu vilivyopotea wamwone katibu leo, wakiwa na stakabadhi zozote walizonazo.

Mwenyekiti