Manyunyu ya bahari yapimwe hapa Tanga

Mhariri,

Meli ikipinduka kwenye bahari za kaskazini kwa kuelemewa na barafu, habari zetu hulaumu theluji. Theluji mchango wake ni mdogo. Barafu nzito hutokana na bahari yenyewe: omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, inakita kwenye wimbi, maji yanaruka kwa manyunyu, upepo unayabeba hadi kwenye kuta na milingoti, yanagandia huko. Ndivyo zilivyopotea Lorella na Roderigo, meli za uvuvi za Uingereza, kaskazini mwa Iceland tarehe 26 Januari 1955, pamoja na mabaharia wote 40.

Sentimita 3 tu za barafu juu ya mita 200 za mraba ni zaidi ya tani 5, tena zimekaa juu, mahali pabaya kabisa kwa uthabiti wa chombo. Na kwa kuwa upande wa joshini, unakotoka upepo, hulowa zaidi, meli huanza kulala ubavu.

Kanuni ya hesabu ya Overland ya 1986, inayotumiwa sana kutabiri hatari hii, inataka kasi ya upepo, joto la hewa na joto la maji. Haiulizi omo ina umbo gani, wala meli imeelekeaje wimbi. Pengo hilo hujazwa kwa kupima manyunyu yenyewe, na kazi hiyo haihitaji baridi. Kusi la Juni hadi Agosti kwenye mkondo wa Pemba linatosha. Baridi huingizwa baadaye kwenye hesabu.

Kutengeneza kipimo, chukua bomba la plastiki la milimita 110, ziba juu na chini, kisha kata dirisha la sentimita 10 kwa 10 upande unaotazama omo. Chini toboa, unganisha mpira unaoshuka hadi kwenye dumu lililofungwa vizuri. Dirisha hilo ni sehemu moja ya mia ya mita ya mraba, kwa hiyo mililita 100 ndani ya nusu saa ni lita 10 kwa kila mita ya mraba. Funga mabomba matatu kwa urefu tofauti, maana manyunyu hupungua haraka kadiri unavyopanda. La chini lisifikiwe na wimbi zima linalopanda sitahani, la sivyo utapima wimbi badala ya manyunyu.

Chumvi ndiyo itakayokuumbua. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kilo. Dumu likisoma nusu ya hapo, nusu ya maji ni mvua. Likizidi, jua limekausha maji na kipimo chako kimepungua. Kuna kosa jingine ambalo chumvi haitakuonyesha: upepo hukwepa bomba na kupita na matone madogo, huku makubwa yakigonga ndani na kurukia nje. Sponji nyuma ya dirisha hupunguza hilo la pili. Hilo la kwanza haliponi, liandikwe tu.

Jumla ya dumu peke yake haitoshi. Manyunyu huja kwa vishindo vya sekunde chache, kisha kimya. Katika kimya hicho, kwenye baridi, upepo hunyonya joto la maji yaliyobaki ukutani na kuyagandisha. Kishindo kikifuata upesi mno, maji mengi hutiririka kabla hayajaganda. Kwa hiyo simu yenye kamera ifungwe nyuma ya kioo cha chumba cha nahodha irekodi kila kishindo, na pembeni iandikwe kasi ya upepo, kasi ya chombo na pembe ya wimbi.

Tunawaomba wenye boti zinazovuka kwenda Pemba waruhusu mabomba haya, na vyuo vya ubaharia viwape wanafunzi kazi hiyo, hasa wanaotarajia kuajiriwa meli za nje. Kila bomba lifungwe kwa kamba mbili, mbali na njia ya abiria, na dumu libadilishwe chombo kikiwa bandarini tu.

Wakufunzi wa ubaharia,
Raskazone, Tanga