Kwa vijana mnaoandika riwaya za tawala za kiimla

Wanangu,

Miswada yenu nimeisoma, na karibu kila mmoja una sura ileile: askari wanavamia nyumba, vitabu vinatiwa moto, kompyuta zinapondwapondwa. Moto unanoga kusimulia, sikatai. Lakini nawaomba mnitungie mtawala anayebakiza nakala.

Waliotangulia walilijua hili. Katika Brave New World ya Aldous Huxley, ya mwaka 1932, Mustapha Mond, mmoja wa watawala kumi wa dunia, anapiga marufuku Biblia na Shakespeare, naye mwenyewe Shakespeare kamsoma, na Biblia kaifungia kwenye sefu ofisini. Zamani alikuwa mwanafizikia hodari. Akiletewa andiko lenye nadharia mpya ya baiolojia, anakiri moyoni kuwa ni kazi ya bingwa, kisha anaamuru lisichapishwe. Anajua fika thamani ya anachokizuia, ndiyo maana anatisha kuliko askari wenu wote. Beatty wa Fahrenheit 451, riwaya ya Ray Bradbury, naye ni mkuu wa kikosi cha kuchoma vitabu, na maneno ya vitabu hivyohivyo yamejaa kinywani mwake. Katika The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood, wanawake wamekatazwa kusoma. Usiku Kamanda anamwita mjakazi wake kwa siri wacheze Scrabble, mchezo wa kupanga herufi ziwe maneno.

Teknolojia ni hivyohivyo. George Orwell, katika Nineteen Eighty-Four, riwaya yake ya 1949, anaonyesha mashamba yakilimwa kwa plau za farasi ilhali vitabu vinaandikwa na mashine. Ufundi haukukatazwa, umeachwa ukue pale tu unaposaidia kumbana raia au kupigana vita. Winston, mtumishi wa ngazi ya chini, hana namna ya kuizima skrini inayomchungulia chumbani. O'Brien, mmoja wa wakubwa wa chama kinachotawala, anabonyeza swichi ukutani kwake, sauti ya skrini inakatika. Kitendo hicho kimoja kinanieleza dola ile kuliko kurasa zote za mateso.

Ayn Rand simshabikii, ila katika Anthem ana kichekesho ambacho ningependa kukiiba. Kijana anauvumbua upya umeme, anawapelekea wanazuoni taa inayowaka, nao wanaikataa. Sababu? Mshumaa tu ulihitaji miaka 50 ili mabaraza yote yauidhinishe, sasa huyu anataka kuvuruga mipango! Hakuna anayejiona mkandamizaji pale. Kila mmoja analinda utaratibu. Urasimu wa namna hiyo siuoni kwenye miswada yenu, na ni hasara, maana msomaji angecheka kwanza ndipo aogope.

Basi kabla hamjaandika sheria inayokataza, andikeni orodha ya wasioguswa nayo. Nani ana ufunguo? Alipewa na nani? Akishajifungia usiku, anasoma nini? Na yupo mtu anayefagia ofisi ile, anayeipangusa sefu vumbi kila asubuhi. Sura ya kwanza mpeni yeye.

Mzee wenu.